Akiba Iliyooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Nami niliamini hivyo hadi Jumanne moja, hapa Kifaru, nilipomkuta shangazi yangu ameketi mbele ya ofisi iliyofungwa ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kikapu miguuni.

Alikuwa ameshuka kutoka Ugweno kufuata mkopo. Mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia. "Mbona simu inasema ni leo?"

Nikaitazama. Kweli ilisema Jumanne, ingawa wiki tatu nyuma nilikuwa nimebadili ratiba kuwa Ijumaa.

Kosa lilikuwa langu. Tovuti ya kikundi niliitengeneza mimi. Kwa kuwahurumia wanachama wanaonunua bando dogo, niliiagiza seva iziambie simu zao: picha mkishaipokea, itunzeni mwaka mzima, yaani sekunde 31,536,000, wala msiulize tena. Agizo hilo, Cache-Control, limo katika kanuni za intaneti tangu 1997. Ratiba nayo ilikuwa picha. Nilipoweka mpya kwa jina lile lile, simu ya shangazi haikuuliza. Ilitoa ile ya zamani iliyokuwa nayo. Nami sikuwa na njia ya kuifuta kutoka kwangu.

Sisi Wapare tunaijua akiba. Wazee wetu walijenga ndiva milimani, maji yakakusanywa usiku na kufunguliwa mchana kwenye mifereji, kwa zamu. Lakini ndiva ina msimamizi anayejua lini pa kufungua. Akiba yangu haikuwa na msimamizi.

Usiku ule nilirekebisha. Nembo na mapambo, yasiyobadilika, niliyaacha mwaka mzima. Ratiba niliipa jina lenye tarehe. Ikibadilika, jina nalo hubadilika, na simu huichukua upya. Ukurasa wenyewe niliuwekea "no-cache", agizo ambalo wengi hudhani linakataza kutunza. Maana yake ni: tunza, ila uliza kabla ya kutumia. Kama hakuna jipya, seva hujibu 304, jibu fupi lisilobeba ukurasa, na bando halipungui sana.

Shangazi nilimrudishia nauli. Siku tatu alizokaa mtoto nyumbani sikuweza kuzirudisha.

Ijumaa ratiba ilisomeka sawasawa simuni mwake. Hata hivyo, kabla ya kupanda gari, alinipigia.

"Nauliza kwanza," alisema.