315,943: anabaki mmoja

Wadau, leo tucheze na nambari ya kwetu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 240,075 Tana River. Hiyo inagawanyika kirahisi: 3×3×5×5×11×97. Maeneobunge ni matatu, Garsen, Galole na Bura, na ukigawa sawasawa kila moja linapata 80,025.

Sensa ya 2019 ikatoa 315,943. Nikaandika kijiprogramu, kikarudisha 37×8,539 tu, zote mbili nambari tasa. Gawa kwa 3, anabaki mtu mmoja. Jaribu bila kompyuta: jumlisha tarakimu, unapata 25, gawa kwa 3, inabaki 1.

Mgao wa fedha za kaunti hutazama idadi ya watu. Kwa hiyo huyo mmoja, hata akiwa mfugaji aliye mbali na mto, msimfute ili hesabu ikae sawa.