Pat wa Knoxville

Nilipokwenda kusoma Knoxville, Tennessee, mwaka 1996, nilikuwa sijawahi kuona watu wakilipa kiingilio kutazama wanawake wakicheza. Kwetu Tanga tulicheza netiboli kwenye kiwanja cha vumbi, watazamaji wakiwa wenzetu wa bweni, na mpira wa kikapu tuliwaachia kaka zetu. Knoxville nikakuta mji mzima unamwita kocha wa timu ya kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee kwa jina moja tu: Pat. Huyo alikuwa Pat Summitt.

Wachezaji wake niliwajua darasani kwanza. Kila kipindi walikaa safu tatu za mbele, madaftari wazi, magoti yakigonga meza kwa urefu wao. Hiyo ilikuwa amri ya Pat. Kila mchezaji aliyemaliza muda wake wote Tennessee alihitimu, na mimi hilo nalithamini kuliko vikombe.

Watu wazima wa pale walinisimulia ya mwanzo. Mwaka 1974 Pat, binti wa shamba mwenye miaka 22, alikuja kuwa kocha msaidizi huku akisomea shahada ya pili. Kocha mkuu akaondoka, timu ikamwangukia yeye. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliendesha mwenyewe, jezi alifua mwenyewe, na fedha za kununulia jezi hizo zilipatikana kwa kuuza donati. Sheria ya mwaka 1972 ilikuwa imeshakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, lakini vyuo vingi viliitekeleza shingo upande. Mashindano ya wanawake ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yenyewe yalianza 1982.

Kisa walichokipenda zaidi ni cha 1990. Pat, akiwa mjamzito, alikuwa Pennsylvania akimshawishi msichana mmoja ajiunge na timu, uchungu ukamshika. Ndege ikiwa njiani kurudi, ikashauriwa itue Virginia. Akakataa katakata. Chuo cha Virginia ndicho kilichoitoa timu yake mashindanoni mwaka uleule, na mwanawe angezaliwa Tennessee. Akazaliwa Tennessee.

Msimu wangu wa kwanza timu ilifungwa mechi 10. Manung'uniko yalikuwa kila mahali, na bado mwezi Machi 1997 wakachukua ubingwa. Msimu uliofuata walicheza mechi 39 wakashinda zote. Januari 1998 walipocheza na Connecticut tuliingia watazamaji 24,597. Mimi nilikaa juu kabisa, karibu na paa, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Pat alichuchumaa kando ya uwanja, mikono magotini, akiwatazama wachezaji kwa yale macho yake makali, na hata huko juu nilihisi kama ananitazama mimi.

Mwaka 2006 alikuwa kocha wa kwanza wa kikapu cha wanawake kulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Ubingwa wa nane na wa mwisho ulikuja 2008. Kisha Agosti 2011, akiwa na miaka 59, alitangaza mwenyewe kwamba ameanza kuugua Alzheimer. Kwetu ugonjwa wa kusahau hufichwa ndani, mzee hatolewi hata barazani. Pat alitangaza, kisha akafundisha msimu mmoja zaidi mbele ya kila mtu. Alistaafu 2012 akiwa ameshinda mechi 1,098 na kupoteza 208. Alifariki Juni 2016.

Aprili 2024 niliitazama fainali ya vyuo ya wanawake nikiwa na binti yangu, South Carolina na Iowa. Watu karibu milioni 19 waliitazama Marekani, wengi kuliko walioitazama fainali ya wanaume. South Carolina walimaliza msimu bila kufungwa. Kocha wao, Dawn Staley, ndiye aliyekuwa mchezaji wa Virginia kwenye fainali ya 1991, waliyopoteza kwa pointi 3 katika muda wa nyongeza. Waliowafunga siku ile ni Tennessee ya Pat.