Barua kutoka Doha: Nani Ametia Sahihi?

Wapendwa wangu wa Mautuma,

Mmenitumia picha za slabu ya madarasa. Nimezitazama zote: vijana wanapokezana karai, akina mama wamepika, mzee wa mtaa amesimama pembeni na fimbo yake, na mmeandika kwamba kazi imekwisha kwa siku moja. Nimefurahi kuona mko wazima na mnashirikiana. Kisha nikauliza swali moja kwenye kundi letu la WhatsApp, na jibu nililopata ndilo limenifanya niandike barua hii. Niliuliza, nani alikagua vyuma kabla zege halijamwagwa? Nikajibiwa, "Fundi mwenyewe alikuwepo."

Jamani! Fundi ndiye mwenye kazi. Hawezi kuwa huyo huyo anayeipitisha. Na jengo hilo si boma la mtu binafsi. Watoto wa watu wataingia humo asubuhi na kutoka jioni.

Acha niwaeleze jinsi zege linavyomwagwa hapa ninapofanya kazi ya ukaguzi wa ubora. Wakati wa kiangazi hapa Qatar joto hupita digrii 40, kwa hiyo mara nyingi tunamwaga usiku, na kiwandani wanachanganya zege na barafu. Sheria yenyewe inakataza kazi ya nje juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Mchana wa kabla ya kumwaga, mwanakandarasi anakuwa amekwisha kutuma ombi la ukaguzi. Mkaguzi wake mwenyewe anapita kwanza. Baadaye anakuja mkaguzi wa mhandisi mshauri, mtu ambaye halipwi na mwanakandarasi. Anapima nafasi kati ya chuma na chuma, anapima chuma kiko mbali kiasi gani na mbao, anamulika tochi chini kuona kama kuna vipande vya waya na uchafu uliosahaulika. Akiridhika anatia sahihi. Asipotia, malori yanasubiri getini, na mkubwa wa mradi anasubiri nayo.

Lori linakuja na karatasi inayoonyesha saa ambayo zege lilichanganywa. Mtu wa maabara anapima joto lake. Anachukua koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300, anaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka analishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, kisha anaivuta juu taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango, maji yamezidi, na lori linageuzwa lirudi lilikotoka. Hakuna anayelia kwamba pesa zimemwagika. Halafu anajaza vyombo vya sentimita 15 kila upande ili apate matofali madogo ya zege, yanalowekwa majini, na siku ya 7 na siku ya 28 yanapondwa kwa mashine ili ijulikane zege limefikia nguvu iliyoandikwa kwenye mchoro. Kila hatua ina karatasi, na kila karatasi ina jina la mtu.

Kwetu tuna neno la fundi. Hapa kuna jina la aliyekagua.

Na huyo anayetia jina hatoki tu barabarani. Mpima zege huombwa cheti cha ACI, taasisi ya zege ya Marekani. Anafanya mtihani wa kuandika, kisha wa vitendo mbele ya mtahini anayemtazama mikono, na baada ya miaka 5 cheti kinakwisha. Mkaguzi wa kuchomelea vyuma ana cheti cha CSWIP cha Uingereza au cha CWI cha Marekani. Hiyo CWI ni ya miaka 3 na huipati bila kupimwa macho, maana asiyeona ufa hana la kukagua. Kwenye miradi ya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, msimamizi wa ubora wa mwanakandarasi lazima awe amepitia kozi ya usimamizi wa ubora wa ujenzi, nayo pia cheti chake kinadumu miaka 5.

Kozi hiyo ina jambo ambalo ningependa kila mwanakamati wa ujenzi huko nyumbani alijue hata kama hatakanyaga darasani. Kila kazi inakaguliwa mara tatu. Kwanza mnakaa kikao kabla ya kuanza, mkiwa na mchoro na vifaa vyote mbele yenu. Pili mnakagua kipande cha kwanza kabisa kinapojengwa. Tatu mnafuatilia kila siku. Hiyo ya pili ndiyo dawa yetu. Tazameni safu za kwanza za ukuta, fundi akiwa bado anaweza kubomoa bila hasira. Sisi hungoja ukuta ufike kwenye linta, ndipo tunasema umepinda, na fundi anatuambia plasta itaficha.

Tena angalieni kwamba vyeti hivi vinaisha muda. Kwetu cheti kikipatikana kinatiwa fremu, kinatundikwa sebuleni karibu na kalenda, na mgeni hanywi chai kabla hajakisoma. Nawapenda kwa hilo. Lakini mwenye kazi wa huku anataka kujua mwaka huu unaweza nini.

Msiniambie kwamba mambo ya kupimwa ni ya Wazungu na Waarabu. Nyinyi ni wakulima wa mahindi. Ukipeleka gunia bohari ya NCPB, bodi ya nafaka, kuna anayekubaliwa kwa kutafuna punje na kusema zimekauka? Wanachomeka kipima unyevu, kikizidi asilimia 13.5 unarudi na mzigo wako kuanika tena. Mnalalamika, lakini mnaanika. Basi nguzo itakayobeba madarasa juu ya vichwa vya watoto isipimwe kwa sababu gani?

Na ajali za ujenzi haziko mbali nasi. Mto wetu Kipkarren unaingia Nzoia, na Nzoia inateremka hadi Budalang'i. Huko, tarehe 26 Juni 2017, daraja la Sigiri lilianguka kabla halijafunguliwa. Lilikuwa mradi wa zaidi ya shilingi bilioni moja, na wafanyakazi waliumia. Mwaka uliotangulia, Aprili 2016, ghorofa la Huruma kule Nairobi liliporomoka na kuua makumi ya watu. Na sheria tunayo! Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ni ya mwaka 2011, nayo inataka mafundi na wasimamizi wa majengo watambuliwe rasmi. Ulizeni fundi wenu wa slabu kama ana kadi ya NCA. Ulizeni leo, kabla hajaanza kuta.

Sasa niseme na vijana. Kuna mmoja wetu hapa, jina lake nalihifadhi, amejenga nyumba kuanzia Turbo hadi Lumakanda, na kwa mkono sijaona wa kumshinda kambini. Alikuja bila karatasi hata moja, akaandikwa msaidizi. Anabeba vifaa vya watu anaowazidi ujuzi. Mshahara wa chini hapa kisheria ni riali 1,000 kwa mwezi, pamoja na malazi na chakula au posho yake. Wengi wetu tunaanzia hapo na kubaki hapo, tukilinda milango ya majengo ambayo tungeweza kuyakagua.

Mkitaka kuja, anzieni nyumbani. Fundi aliyejifunzia mjengoni aende akafanye majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, ya pili, hadi ya kwanza; wana kituo Kisumu, si lazima Nairobi. Siku hizi kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaosimamiwa na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma; ulizeni kwenye vyuo. Aliyemaliza kidato cha nne asikae nyumbani kungoja wakala, wakati vyuo vya ufundi vya Sigalagala na Eldoret National Polytechnic viko karibu. Mhandisi aliyehitimu ajiandikishe kwa Bodi ya Wahandisi, kisha asomee ukaguzi wa ISO 9001, kiwango cha usimamizi wa ubora; KEBS, shirika la viwango, wanafundisha. Wekeni daftari la kazi lenye tarehe, mahali, ulichofanya na barua ya aliyekusimamia, maana mitihani kama CWI inadai ushahidi wa miaka ya kazi. Vyeti vipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini. Wakala awe amesajiliwa na NEA, mamlaka ya ajira. Na msinunue cheti River Road ya Nairobi: namba za CSWIP na CWI zinahakikiwa mtandaoni kwa dakika chache, na mwongo anarudishwa.

Wasichana pia nawasemea. Mnatumwa Ghuba kufua na kulea kana kwamba hakuna kazi nyingine. Katika maabara ninayopeleka vipimo, anayeponda zege na kutia sahihi ni mwanamke.

Wazee wangu, kabla hamjampeleka ng'ombe sokoni ili mlipe wakala, mwulizeni kijana cheti chake kiko wapi. Akikosa jibu, nauli ya Kisumu na ada ya mtihani havifikii bei ya ng'ombe huyo. Mpeni hizo kwanza.