Hope, Mji Uliomkataa Rambo

Kama ulikulia Bongo miaka ya themanini au tisini, Rambo unamjua. Hata kama hukuwahi kukanyaga kibanda cha video, jina lake umelibeba kutoka sokoni: mfuko wa plastiki si tuliuita rambo, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo Juni 1, 2019? Sasa nikuulize msomaji, Rambo unayemkumbuka ni yupi? Wengi watanitajia yule wa kifua wazi na mishale inayolipuka. Huyo ni wa sehemu ya pili, ya mwaka 1985. Yule wa kwanza ni mtu mwingine kabisa, na kwao ni mji mdogo wa Hope, magharibi mwa Kanada.

Ukitoka Vancouver unashika barabara kuu kuelekea mashariki, kama kilomita 150 hivi. Mwanzoni ni mashamba tambarare, halafu milima inaanza kukusogelea huku na huku, na mto Fraser unakuwa jirani yako. Wakazi wa Hope hawafiki elfu kumi. Ukisinzia kwenye basi, umeshaupita! Jina lake maana yake ni matumaini, na hapo ndipo utamu wa ile filamu, First Blood ya mwaka 1982, ulipo. Ndani ya hadithi mji unawekwa jimbo la Washington, Marekani, lakini milima na ukungu unaouona ni wa hapa.

Hebu kumbuka inavyoanza. John Rambo, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, anamfuata rafiki yake wa jeshini na kuambiwa ameshakufa kwa kansa. Anaingia mjini kwa miguu, na anachotaka ni chakula tu. Sherifu, aliyeigizwa na Brian Dennehy, anampakia garini, anamvusha daraja na kumwacha huko akamilize safari yake. Rambo anasimama, anafikiri, kisha anageuka na kurudi. Vurugu zote zinaanzia hapo! Daraja lenyewe usilitafute, lilibomolewa mwaka 2011. Ila korongo la mto Coquihalla, alikoning'inia mwambani huku helikopta ikimzengea, bado lipo. Kuna mahandaki ya reli ya zamani yaliyotobolewa ndani ya mwamba, yanaitwa Othello, kwa sababu injinia wa reli ile alikuwa mpenzi wa Shakespeare. Mafuriko ya Novemba 2021 yaliyaharibu vibaya, kwa hiyo ulizia kwanza kabla hujafunga safari.

Ukiwa umesimama pale ndipo unaelewa kwa nini sehemu ya kwanza haijapata mpinzani. Katika filamu nzima tunamwona mtu mmoja tu akifa, askari anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Vita vyote ni vya mgeni mmoja na mji mmoja usiotaka kumwona. Mwishoni komando analia kama mtoto mbele ya kamanda wake wa zamani. Wewe unayemwambia mwenzako kwamba wanaume hawalii, anza na hiyo.

Vijiweni tunasema stelingi hafi. Basi huyu alikuwa afe! Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 anakufa, na hata watengenezaji filamu walipiga picha za mwisho wa namna hiyo. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, akaachwa hai. Bila uamuzi huo zile sehemu nyingine zisingekuwepo.

Na zimezurura kweli. Ya pili inazungumzia Vietnam, imepigwa Mexico. Ya tatu, ya 1988, ni Afghanistan iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa Israel. Ya 2008 ni Burma iliyopigwa Thailand, na ya 2019 ilikwenda Bulgaria. Maiti zikawa hazihesabiki. Mlangoni ya pili iliingiza takriban dola milioni 300, zaidi ya mara mbili ya ya kwanza, na sisemi haichangamshi. Lakini nitajie jina la kijiji kimoja alichopita. Huwezi, maana msitu pale ni pazia tu la kulipulia vitu.

Isitoshe, mmoja wa waandishi wa ile ya pili ni James Cameron, ambaye mwaka 1991 alitupa Terminator 2, muvi ya pili ambayo binafsi naiweka juu ya ya kwanza. Huko alibaki Los Angeles ile ile, akamwongeza mama aliyebadilika na mtoto wa kulindwa.

Tangu Agosti 2020 Hope wana sanamu ya Rambo ya mbao, kazi ya msumeno wa injini, fani inayoupa mji huo sifa. Yule mzururaji aliyefukuzwa sasa anapigwa picha na wageni kutwa nzima. Ukienda Novemba, beba koti zito. Yeye alikata turubai bovu akajifunika, na baridi yake bado haijapungua.