Nyumba ya Kukodi Lamu



Mwezi uliopita watu wa nyumbani kwangu walinishika kwa shauri moja, kwamba madrasa itakapofungwa mwanzo wa Desemba twende sote mahali pazuri pa pwani tukapumzike siku chache. Sisi walimu wa chuo hatukulizoea jambo hili. Tulipokuwa wadogo, mapumziko yetu yalikuwa Alkhamisi baada ya alasiri na Ijumaa, basi. Lakini binti yangu na mumewe walisema gharama ni juu yao, na mzazi akifanyiwa hisani na wanawe si adabu kuirudisha.

Wao walitaka hoteli ya Diani. Mimi nilikataa, si kwa ubaya wa Diani, maana mchanga wake ni mweupe mfano wa unga, bali kwa ajili ya mama yangu. Umri wake umepindukia miaka 80. Yeye hutaka kula chakula anachomjua mpishi wake, kusali kwa wakati, na kukaa pasipo kupitwapitwa na watu asiowajua. Nikasema: tutafute nyumba nzima ya kukodi, tujipikie wenyewe, tena iwe Lamu, mji aliozaliwa. Mama aliolewa akaletwa Mombasa akali kijana, na tangu 1993, alipokwenda kwa msiba wa babake, hakuuona tena mji wao.

Basi nikaanza kupanga, na huenda yale niliyoyapata yakamfaa mwenye nia kama yangu. Kwanza ni wakati. Tangu Aprili hata Juni kuna mvua za masika na upepo wa kusi, bahari huchafuka, na nyumba nyingi za wageni hufungwa. Kaskazi ikishaingia, Desemba, bahari hutulia. Mwenye kutaka utulivu asiende Mfungo Sita yanaposomwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, kwani mji hujaa watu na nyumba hazipatikani. Na mwenye kuyataka Maulidi yenyewe naatafute nyumba mapema sana. Mwisho wa Desemba nao kodi hupanda kwa sababu ya wageni wa Ulaya. Pili ni mahali. Shela kuna ufuo mrefu wa kama kilomita 12 na vilima vya mchanga ambavyo chini yake ndimo mlimo na maji matamu yanywewayo na mji. Pazuri mno, lakini kodi yake si ya watu kama sisi, na mahali penyewe pako mbali na soko. Nikachagua mjini, palipo na misikiti kila upande na vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu.

Tatu ni mapatano, na hapa nawaomba vijana wanisikilize. Kukodi nyumba ni ijara, na ijara haisihi illa manufaa yajulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Mwangalizi wa nyumba niliyezungumza naye kwa simu alitaka arbuni, ambayo tusipokwenda inapotea. Nikamwambia kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi arbuni ya namna hiyo haikubaliki. Nitampa nusu ya kodi, iwe ni kodi khasa, na tukipatwa na udhuru tukubaliane sasa hivi ni kiasi gani atanirudishia. Alicheka kidogo, akasema hajapata kuulizwa hivyo, kisha akakubali na akaandika. Nilimuuliza pia juu ya vyombo vya jikoni. Akasema kwa uaminifu kwamba wageni waliotangulia hupika wanavyotaka. Tukakata shauri tuchukue sufuria na sahani zetu, kuliko kuhangaika huko kuviosha mara saba na mojawapo kwa udongo.

Kodi yenyewe ni shilingi 12,000 kwa usiku, nasi tu watu wanane.

Mambo yalikuwa yamekwisha, mpaka binti yangu aliponionyesha picha za nyumba hiyo katika simu yake. Picha ya tatu ilikuwa ya ndani, ule ukuta wa zidaka za chokaa zilizopangwa safu juu ya safu. Katika safu ya chini, kidaka kimoja kilikuwa kimevunjika pembe na kuzibwa kwa saruji tupu, isiyo na nakshi. Nilimwambia binti yangu anipe ile simu. Kidaka kile nilikivunja mimi, nilipokuwa na umri wa miaka saba, nikipanda kitandani kutoa bakuli la babu. Babu mwenyewe ndiye aliyekiziba, akaapa kwamba hatatia chokaa, ili kila nikija nione kazi yangu.

Asiyezijua nyumba za Lamu atasema ni nyumba tu. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, na vyumba vyembamba virefu, kwa kuwa upana wake hauwezi kuzidi urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Mgeni huishia dakani, penye mabaraza ya mawe. Akiingia hupitia tekani, na njia hukunjwa ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione kitu. Kisha kiwanda, kisha misana, kisha ndani, na kila unapoingia ndipo stara inapozidi. Chooni mna birika lenye visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Na mwisho kabisa mna nyumba kati, chumba cha uzazi na cha kuoshea maiti. Mama alizaliwa humo. Mamake alioshwa humo. Mji wote uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na ni haki yake.

Nyumba hii iliuzwa 1994. Babu aliacha wana wawili wa kiume na binti mmoja, kwa hiyo fungu la mama lilikuwa moja katika matano. Wajomba walikuwa na madeni, na mgeni kutoka Ulaya alikuwa na fedha. Waliniita mimi kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri, nikaandika karatasi ya mauzo na nikatia sahihi ya ushahidi. Waliniambia kuwa mama ameridhia. Sikumuuliza. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba haijuzu kuuza fungu la mtu bila idhini yake, na walakini niliandika. Nilirudi Mombasa na bahasha yenye shilingi 50,000, nikamwekea mapajani. Hakuihesabu. Alisema tu, "Haya," akaenda kutia udhu.

Sasa fikirini: usiku nne kwa shilingi 12,000 ni shilingi 48,000. Thamani ya shilingi ya leo si ya siku zile, najua, lakini hesabu ile haikunitoka kichwani.

Siku tatu nilitafuta nyumba nyingine na nikazipata mbili, moja hata ina kodi ndogo zaidi. Ningeweza kukodi moja katika hizo, na mama asingejua lolote. Lakini tungepita katika kichochoro kile, angeuona mlango wao na watu wengine wakitoka ndani yake, nami ningekuwa nimemficha mara ya pili. Usiku wa nne, baada ya isha, nilikwenda nikakaa chini karibu na kitanda chake, nikamweleza yote.

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Kodi yake ngapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Na nyumba kati wamepafanya nini?" Nikasema mna kitanda na pangaboi. Akasema, "Mimi nitalala humo."

Nikasema, "Mama, mwaka ule sikukuuliza. Naomba unisamehe."

"Najua hukuniuliza," akasema. "Ungeniuliza ningekataa, na ndiyo sababu hukuniuliza. Nilikusamehe zamani, mwanangu. Ulikuwa mtoto mbele ya wajomba zako. Niambie khabari ya safari."

Nikamwambia kwamba tutaondoka Jumamosi alfajiri kwa basi, tupite Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha tuvuke kwa mashua, na tutarudi Jumatano inshallah. Masafa yanazidi kilomita 300, na siku kamili za kukaa, mbali na ya kuingia na ya kutoka, ni tatu tu. Kwa hiyo hukumu yetu ni ya wasafiri, na adhuhuri, alasiri na isha tutasali rakaa mbili mbili.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi Amu ni msafiri?"

Nimefundisha mlango huu wa sala ya msafiri kwa miaka mingi, wala hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza swali hilo. Nikamwambia kuwa makazi yake sasa ni Mombasa, na aliyeuhama mji kwa nia ya kukaa kwingine, akirudi kwa siku chache ni msafiri. Hata Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa Makka, na alipotoka Madina kwenda kuhiji alisali Makka kwa kupunguza.

"Na nyumba yao ya Makka," akauliza mama, "iliuzwa na nani?"

Nikajua ameisikia kwa babake, sebuleni mle mle. Nikasema, "Na Aqil bin Abi Talib, binamu yake."

"Alimlaumu?"

"Yaliyotufikia ni kwamba aliulizwa atashukia wapi, naye akauliza kama Aqil amewaachia nyumba yoyote. Hakuzidisha."

"Basi sisi tuna nafuu," akasema, "tumepata kupanga." Akavuta shuka lake. "Lakini mimi sala zangu nitasali kamili, rakaa nne."

Nikamwambia yajuzu.