Davenport, Mji wa Tiba ya Mikono: Tujifunze Kuhusu Bega Lililoganda

Ukitoka Chicago kwa gari kuelekea magharibi, unapita kilomita zipatazo 280 za mashamba ya mahindi na soya kabla ya kuuvuka mto Mississippi na kuingia Davenport, katika jimbo la Iowa, Marekani. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni mto wenyewe. Karibu safari yake yote huteremka kusini, lakini hapa hupinda ukatiririka kutoka mashariki kwenda magharibi. Jambo la pili ni Mtaa wa Brady, unaoanzia mtoni na kupanda kilima. Mtaa huo unajulikana na watu wengi duniani wanaotibu migongo na viungo kwa mikono yao, yaani madaktari wa kiropraktiki.

Nilifika huko pamoja na akina mama wenzangu katika ziara ya kanisa. Hatukwenda kutafuta tiba, lakini muuguzi haachi uuguzi wake nyumbani.

Mchungaji aliyetoa jina

Tiba hii ilianza katika mji huu tarehe 18 Septemba 1895. Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, aliisukuma kwa mkono pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa akifanya usafi katika jengo lile lile. Lillard alikuwa na uziwi, na Palmer alitangaza kwamba amemponya. Madaktari wengi hawakukubali maelezo yake, na hata leo sayansi haiungi mkono madai kwamba magonjwa yote hutokana na pingili za mgongo.

Jina la tiba lilitolewa na rafiki yake, Mchungaji Samuel Weed, aliyeunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ya mkono. Mwaka 1897 Palmer alianzisha shule, ambayo sasa ni chuo kikubwa juu ya kilima cha Brady. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni. Mambo yamebadilika tangu hapo: leo kazi hii ina leseni katika majimbo yote ya Marekani, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mafunzo na usalama wake.

Mkono mmoja juu

Ng'ambo ya mto, katika miji ya Rock Island na Moline, wanaishi ndugu zetu wengi waliotoka Kongo na Burundi kama wakimbizi. Jumapili tuliabudu nao kwa Kiswahili. Wakati wa kusifu mikono yote iliinuka, isipokuwa mama mmoja aliyeinua mkono wa kulia peke yake. Baada ya ibada alinifuata.

“Dada, hata kitambaa cha kichwa nafungiwa na binti yangu,” aliniambia. Usiku hakuweza kulalia upande wa kushoto, kwa hiyo alikuwa amempa mumewe mgongo kwa miezi mingi. Mume alidhani amechokwa. Wengine walimwambia amerogwa, wengine kwamba anakwepa kazi. Yeye mwenyewe alikuwa akilia jikoni, kimya kimya.

Wapendwa, ni nyumba ngapi kwetu zina huzuni ya namna hii?

Kumbe ni ugonjwa wenye jina

Mwaka 1934 daktari Codman wa Boston aliuita bega lililoganda. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko laini. Katika ugonjwa huu mfuko huo huvimba kwa ndani, kisha hukakamaa na kusinyaa. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wanawake kuliko wanaume. Wenye kisukari au matatizo ya tezi ya koo wamo katika hatari kubwa zaidi.

Huenda kwa hatua tatu. Kwanza ni maumivu, hasa usiku. Pili maumivu hupungua lakini bega hukaza. Tatu hulegea polepole. Safari yote huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Alama yake kubwa ni hii: weka kiwiko ubavuni, kisha peleka kiganja nje. Bega lililoganda hukataa, hata mtu mwingine akikusaidia kuusogeza mkono.

Nilichokiona kwa daktari

Yule mama aliniomba nimsindikize kwa daktari wa kiropraktiki. Nilitegemea kusikia mifupa ikilia. La hasha! Daktari alimuuliza maswali mengi, akapima mkono unafika wapi, akamtaka kwanza akapime sukari ya damu. Ndipo akaweka joto, akakanda misuli, akausogeza mkono kidogo kidogo bila kuulazimisha, na mwisho akampa mazoezi ya nyumbani.

Alisema wazi kwamba mikono yake hupunguza maumivu na kusaidia mkono kusogea, ila haiufuti ugonjwa kwa siku moja. Nilimheshimu kwa ukweli huo. Ushahidi wa tiba hii kwa bega bado ni mdogo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha mazoezi yenye sindano, kunyooshwa bega chini ya nusukaputi, na upasuaji. Hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa tofauti kubwa.

Wenyeji walinionyesha mto na kuniambia kwamba katika baridi kali huganda, na mashua za mizigo husubiri. Hakuna anayeuvunja kwa nyundo hadi baharini. Joto la siku nyingi ndilo linaloufungua. Bega nalo ni hivyo hivyo.

Tufanye nini nyumbani?

Kwetu wataalamu wa kiropraktiki ni wachache, lakini hospitali nyingi kubwa zina idara ya fiziotherapia. Anzia hapo, na uombe kupimwa kisukari. Sindano ya bega huweza kupunguza maumivu, lakini mwenye kisukari amwambie daktari, kwa kuwa hupandisha sukari.

Kila siku weka kitambaa cha moto dakika 10, kisha:

1. Inama ukishika meza kwa mkono mzima. Mwingine uning'inie, uzungushe taratibu mara 10 kila upande.
2. Simama mbele ya ukuta, upandishe vidole kama buibui hadi unapoweza.
3. Shika kanga nyuma ya mgongo kwa mikono yote miwili, mkono mzima ukiwa juu, uuvute ule mwingine polepole.

Kuvutwa kidogo ni sawa. Maumivu makali ni dalili ya kuacha. Usikubali mtu akuvute bega kwa nguvu wala kukunyonga shingo ghafla. Ukiwa umeanguka, una homa, unakonda, au una uvimbe wa titi, nenda hospitali kwanza. Maumivu ya bega au mkono yanayokuja na kubanwa kifua yasisubiri hata saa moja.

Mwambie pia mume wako ukweli. Yule mama alimleta wake kliniki siku ya pili. Mzee alisikiliza kimya, kisha akauliza ni zoezi lipi anaweza kumsaidia mkewe.

Katika Luka 13 tunasoma habari za mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18. Bwana Yesu alimwona, akamwita. Nasi tuwaone dada zetu kanisani wanaoinua mkono mmoja, tuwaulize kwa upole, tuwapeleke penye msaada.

Mungu awabariki.