Uzi wa Chini

Mtoto wa dada yangu alirejea hivi karibuni kutoka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, amekasirika, akidai kwamba rili yake mpya ya kuvulia ni mbovu, kwa sababu samaki aliponasa na yeye akaanza kuzungusha mkono wa rili, bunda zima la uzi lilikuwa likijizungukia juu ya bobini pasipo kumsogeza samaki hata shubiri moja. Nilimwuliza ni uzi gani alioutia chini ya ule wa kusuka. Akanitazama, kisha akasema, “Mjomba, kwani kuna uzi wa chini?” Swali lile lilinihuzunisha, kwani yapo maarifa ambayo hapa Tunduma yaliuzwa zamani pamoja na bidhaa yenyewe, wala mteja hakuyalipia zaidi.

Tunduma haina ziwa. Rukwa liko bondeni upande wa kaskazini, Tanganyika hufikiwa kwa kupitia Sumbawanga na kuteremka, na Nyasa liko ng’ambo ya milima, huko Kyela. Walakini, maadamu mji huu ni mlango wa nchi mbili, wavuvi wa maziwa yote matatu walipita hapa kununua vifaa, na aghalabu walikwenda katika duka moja lililokuwa kando ya barabara kuu, chumba kirefu chenye kiza, ambacho mwenyewe alikuwa mzee wa Kilwa aliyepanda bara wakati wa kazi ya reli, na wenzake waliporudi pwani yeye akasalia.

Harufu ya duka lile naijua hata leo: katani mpya, mafuta ya taa, sabuni ya mche, na dagaa wa Mpulungu waliokuwa ndani ya magunia ya wateja. Ndoana za Mustad kutoka Norwei zilikaa katika visanduku vya mbao kwa mpango wa namba zake, na kila mgeni alielezwa kwa upole kwamba namba ikizidi, ndoana hupungua. Uzi aliupima kwa pima, mikono yake miwili imenyooka, kisha akaupitisha baina ya kidole gumba na cha shahada taratibu, akitafuta mkwaruzo, na alipouona alikata kipande kile akakitupa, ijapokuwa hasara ilikuwa yake. Hakumwuzia mtu kabla ya kumwuliza mambo matatu: unavua wapi, maji yana kina gani, na unamtaka samaki gani. Aliyekwenda kutafuta kambale katika matope ya Rukwa hakupewa uzi wa yule aliyekusudia kuhe au sangara wa Tanganyika, hata kama wote wawili walikuja na fedha sawasawa.

Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935 katika maabara ya DuPont, ilikuwa imekwisha kuwa uzi wa kila mvuvi nilipokuwa kijana. Ikaja miaka ya uhaba, ambayo wenzangu wa rika hili hawahitaji kukumbushwa, na nailoni ikaadimika kama sukari. Watu wakachana matairi ya malori yaliyotupwa kando ya barabara, wakachomoa nyuzi zake na kuzisokota upya. Mzee hakuzidharau nyuzi hizo. Alizipokea, akazikagua, na zilizo imara akaziuza kwa bei ya insafu.

Rili za kwanza nilizoziona zilikuja na wafanyakazi wa reli wa upande wa Zambia, waliozoea kwenda likizo Mpulungu. Bobini zake zilikuwa na kina kirefu, na uzi mzuri ulikuwa ghali, hivyo wakataka kitu cha kujazia chini. Hapo ndipo nilipomsikia mzee akitoa nasaha yake: “Wa juu ni wa kuvulia, wa chini ni wa kushikia, anza na wa kushikia.” Pamba aliikataa, kwani hunywa maji na kuoza gizani pasipo mtu kujua. Nailoni nene aliikataa, kwa sababu huacha mianya, na uzi mwembamba wa juu huzama humo ukakwama. Nyembamba mno aliikataa vilevile, kwa kuwa siku samaki mkubwa atakapoumaliza uzi wa juu wote, wa chini ndio utakaobaki kushindana naye.

Uzi wa kusuka wa siku hizi hutokana na polithini yenye nguvu ajabu, iliyoanza kutengenezwa kwa biashara huko Uholanzi mwaka 1990 kwa jina la Dyneema. Nilidhani uliingia madukani kwetu baada ya Songwe kuwa mkoa, mwaka 2016. Sahibu yangu mmoja ashikilia kwamba aliununua Nakonde, ng’ambo ya mpaka, kabla ya hapo, na sina haja ya kushindana naye. Lililo dhahiri ni kwamba mzee alikuwa amekwisha kufariki, na duka lake limebomolewa. Wauzaji waliofuata walisoma picha na bei, basi, na hata unene ulioandikwa kwenye kasha aghalabu si wa kweli.

Uzi huu ni laini mno, hauvutiki, wala haunywi maji, hivyo hauwezi kuuma mhimili mtupu wa bobini, hata fundo likiwa zuri namna gani. Nailoni huvutika, na ikikunjwa kwa mkazo wa kiasi hujibana juu ya mhimili ikashika. Isikazwe kupita kiasi, maana bobini ya plastiki yaweza kupasuka. Kama haja ni kushika tu, pima chache za milimita 0.30 au 0.35 zatosha. Kama bobini ni ya kina na uzi wa kusuka ni mita 150 tu, nailoni na iongezwe hata ule wa juu ufike milimita mbili chini ya ukingo. Na asiyejua kiasi, na akunje kwanza uzi wa kusuka, ajaze nailoni juu yake, kisha avihamishe vyote kwenye bobini nyingine mbili, moja baada ya nyingine, na kuvirudisha kwenye ile ya kwanza, ili mpango ugeuke. Kiungo kiwe mafundo mawili yanayokabiliana, kila uzi umeuzunguka mwenziwe, yalowanishwe kabla ya kukazwa.

Nawasihi wenye maduka ya Tunduma waweke bunda la nailoni kando ya uzi wa kusuka, na warudie kuuliza yale maswali matatu. Bei ya nailoni hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya uzi wa juu, na muuzaji anayeitaja hapungukiwi na kitu. Mnunuzi asiyeambiwa ndiye anayempoteza samaki, kisha akakitupa chombo kizima kisicho na kosa.